Tone na Utando: Lugha ya Kufundishia Mtonesho wa Kipoza ndani ya Mabomba, kwa Mifano ya Pemba

1.0 Utangulizi

Mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kiliunganishwa na gridi ya umeme ya Tanzania Bara kwa kebo ya kilovolti 33, iliyolazwa chini ya bahari kwa urefu wa kilomita 78 kutoka pwani ya Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha. Umeme ulipoongezeka, majokofu, mafriza na viyoyozi viliongezeka pia, na nyuma ya vyombo hivyo wakafuata mafundi. Fundi huyo aghalabu hujifunza kazi yake kwa Kiswahili, ama karakanani chini ya fundi mkubwa, ama katika chuo cha amali kama kile cha Vitongoji. Lakini vitabu vinavyoeleza kwa nini friji hupoza havikuandikwa kwa Kiswahili, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kuwa hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hiyo kijana wa Chake Chake au Wete huipata dhana kwa lugha moja na kuitumia kazini kwa lugha nyingine, na daraja baina ya lugha hizo mbili huachiwa alijenge mwenyewe.

Makala haya yanachunguza sehemu ndogo tu ya daraja hilo, nayo ni namna mvuke wa kipoza unavyorudi kuwa kimiminika ndani ya bomba, na namna joto linavyotoka nje kupitia ukuta wa bomba hilo, liwe halina mapezi kwa ndani au linayo. Swali linaloulizwa ni la isimu ingawa jibu lake linategemea fizikia: je, maneno tuliyonayo yanamwonesha mwanafunzi kinachotokea ndani ya bomba, au yanamficha? Hoja itakayotetewa ni kwamba maneno matatu yanayotumika sana, yaani mtonesho, laini na gesi, yote yanakificha kitu kimoja ambacho ndicho kiini cha somo. Kitu hicho ni utando.

2.0 Joto linalojificha katika mvuke

Mpishi yeyote anajua kuwa mvuke unaotoka chini ya mfuniko wa sufuria huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Sababu yake inaweza kuoneshwa kwa tarakimu. Ili kuchemsha kilo moja ya maji yaliyokuwa na nyuzijoto 28 za Selsiasi mpaka yafike nyuzijoto 100, huhitajika takriban kilojuli 300. Ili kuyageuza maji hayo yote yawe mvuke bila ya kuongeza hata nyuzi moja, huhitajika kilojuli 2,257, yaani zaidi ya mara saba. Joto hilo la pili halionekani katika kipimajoto, ndiyo maana limeitwa joto fiche. Mvuke unapogusa ngozi na kurudi kuwa maji, joto lote lililojificha huachiwa hapo hapo.

Friji hufanya kazi kwa kuchukua joto fiche mahali pamoja na kulitua mahali pengine. Kipoza huchemka ndani ya mabomba yaliyo karibu na chakula na kuchukua joto. Kompresa huuvuta mvuke wake na kuubana. Kisha mvuke huo, ukiwa sasa na joto kuliko hewa ya chumbani, hupita katika mabomba ya kondensa na kurudi kuwa kimiminika. Kipoza kiitwacho R-134a kikiwa na nyuzijoto 40 hubanwa kwa kani ipatayo mara kumi ya ile ya hewa ya kawaida, na kila kilo inayorudi kuwa kimiminika hutoa takriban kilojuli 163. Friji ndogo ya nyumbani inayotakiwa kutoa nje wati 150 za joto, basi, yahitaji karibu gramu moja ya mvuke igeuke kimiminika kila sekunde. Gramu moja ni kitu kidogo, lakini lazima ipate mahali pa kugeukia na joto lake lipate njia ya kutokea.

Pemba hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mkubwa zaidi. Katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, mafuta hukamuliwa kutoka katika vikonyo vya karafuu kwa mvuke. Mvuke wa maji hupitishwa katika makonyo, hubeba mafuta, kisha hupozwa ukarudi kuwa kimiminika, na mafuta, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, hushuka chini yakatengwa. Kiswahili kina kitenzi kwa kazi hiyo, nacho ni kukeneka. Kitenzi hiki ni cha zamani na kizuri, ila kinabeba kazi nzima tangu kuchemsha mpaka kukinga. Anayekeneka amefanya mambo mawili, na somo letu linahusu lile la pili tu. Ndiyo maana hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo, ingawa mwalimu wa Pemba atakuwa amepoteza fursa akianza somo lake bila ya kuwakumbusha wanafunzi harufu ya Wawi.

3.0 Kuganda, kutonesha na kufanya utando

Si nadra kusoma katika maandishi ya Kiswahili kuwa mvuke "huganda" ukawa maji. Matumizi haya hayana budi kuepukwa. Samli huganda, damu huganda, maji huganda yakawa barafu. Katika mifano yote hiyo kinachoganda kilikuwa kikitiririka na sasa hakitiririki. Mvuke unaporudi kuwa maji, mambo huwa kinyume kabisa, kwani kilichokuwa hakikingiki sasa chatiririka. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa kipoza huganda ndani ya kondensa ana haki ya kuuliza kwa nini bomba halizibi.

Istilahi kutonesha na mtonesho ina nguvu zaidi. Imeundwa kwa kanuni za Kiswahili chenyewe: tone, tona, tonesha, mtonesho. Ni kweli kwamba kitenzi hiki kina kazi nyingine inayojulikana zaidi mtaani, ile ya kutonesha kidonda, lakini maana mbili za kitenzi kimoja hazijapata kuwashinda Waswahili. Tatizo liko kwingine. Neno lenyewe linaahidi matone, na ndani ya bomba la friji hakuna matone.

Hapa ndipo fizikia inapomsaidia mwanaisimu. Mvuke unaweza kurudi kuwa kimiminika juu ya uso wa kitu kwa namna mbili. Alfajiri, baada ya umande kushuka, jani la jimbi hubeba maji kama shanga. Tone husimama peke yake, na jani likitikiswa tone hubingirika na kuacha mahali pake pakavu. Hiyo ni namna ya kwanza. Namna ya pili huonekana mafuta ya taa yanapomwagika juu ya bati. Hayasimami kama shanga bali hutandaa mpaka yafunike kila yanapofika. Kinachoamua ni jinsi kimiminika kinavyojivuta chenyewe usoni mwake kikilinganishwa na kinavyovutwa na kile kilichokigusa. Maji hujivuta sana. R-134a katika nyuzijoto 40 ina mvutano wa uso usiofika sehemu moja ya kumi ya ule wa maji, na kwa hiyo inapogusa shaba haina nguvu ya kujikusanya. Hutandaa. Ukuta wote wa ndani wa bomba hupata utando, na tangu hapo mvuke haugusi shaba tena. Kila chembe mpya ya mvuke hutua juu ya utando, na joto lake lazima lipenye utando huo kabla ya kuifikia shaba.

Wilhelm Nusselt, mhandisi wa Ujerumani, ndiye aliyeonesha mwaka 1916 kuwa hesabu ya jambo hili yaweza kujengwa juu ya unene wa utando. Maelezo yake yalihusu ukuta ulio wima na mvuke uliotulia, na ndani ya bomba lililolala mambo ni magumu zaidi, lakini fikra yake ya msingi haijatupwa: anayetaka kujua joto litatoka kwa kasi gani na aulize kwanza utando una unene gani.

Tarakimu zifuatazo zinaonesha uzito wa jambo hili. Uwezo wa shaba kupitisha joto ni takriban wati 390 kwa mita kwa kila nyuzi. Wa R-134a iliyo kimiminika, katika nyuzijoto 40, ni takriban 0.075. Ukigawa, utaona kuwa shaba inaishinda kipoza hicho zaidi ya mara elfu tano. Kwa hiyo utando wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao jicho lisingeujali, hulizuia joto sawasawa na ukuta wa shaba wenye unene wa nusu mita na ushei. Utando huo ukipungua nusu, kizuizi chake nacho hupungua nusu. Fundi anayesifu bomba kwa kuwa ni la shaba safi anasifu kitu cha kweli, ila kizuizi cha joto kwa upande wa ndani hakimo katika shaba.

Je, istilahi mtonesho itupwe? Si lazima. Maneno mengi ya kitaaluma husahau asili yake, na msemaji hutumia maana bila ya kukumbuka mzizi. Lakini kusahau huko hutokea pale mzizi unapokuwa umefifia, na neno tone halijafifia hata kidogo. Mtoto wa miaka mitatu analijua. Darasani, basi, mzizi bado unasema. Pendekezo la makala haya ni kuendelea na mtonesho kama jina la jumla, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, na kutenga chini yake mtonesho wa matone na mtonesho wa utando. Jina hili la pili lina mgongano ndani yake, na mwalimu asiufiche. Auseme waziwazi siku ya kwanza, kuwa huu ni mtonesho usio na matone.

4.0 Bomba "laini" na bomba lenye mapezi

Kama kizuizi ni utando, busara ni kuupunguza unene. Ndani ya bomba lisilo na mapezi kazi hiyo hufanywa na mwendo wa mvuke wenyewe. Mvuke unapoingia katika kondensa ukiwa na kasi, huusukuma utando na kuukwangua, na kimiminika huzunguka ukuta mzima kama pete huku mvuke ukipita katikati. Kadiri mvuke unavyogeuka kimiminika ndivyo kasi inavyopungua, na mwisho uzito hushinda. Kimiminika hukusanyika chini ya bomba kama maji katika mfereji wa paa. Sehemu ya juu hubaki na utando mwembamba unaofanya kazi, ilhali sehemu ya chini imefunikwa na kijito kinene kisichopitisha joto la maana. M. M. Shah alichapisha mwaka 1979 kanuni ya kukadiria joto linalotoka katika mabomba ya namna hii, na wahandisi waliitumia kwa miongo mingi.

Njia ya pili ni kuubadilisha uso wa bomba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa Japani walianza kutumia mabomba ya shaba yenye mapezi madogo sana kwa ndani, yanayozunguka kama nyuzi za parafujo. Bomba la kiyoyozi lenye kipenyo cha milimita 7 au 9.52 laweza kuwa na mapezi hamsini mpaka sabini, na kimo cha kila pezi kwa kawaida ni baina ya milimita 0.1 na 0.25. Mapezi hayo huongeza eneo la ukuta kwa kiasi cha mara moja na nusu hivi. Joto linalopita, hata hivyo, laweza kuongezeka mara mbili na hata kukaribia tatu. Ziada hiyo haiwezi kuelezwa kwa eneo peke yake, na hapa ndipo somo linapopata ladha.

Romano Gregorig alikwisha kuonesha mwaka 1954 kuwa uso wenye mawimbi madogo humlazimisha mvutano wa uso afanye kazi ya mtumishi. Juu ya ncha ya pezi utando umejikunja kwa ukali, ndani ya mfuo umejikunja kinyume, na tofauti ya mikunjo hiyo huvuta kimiminika kutoka nchani na kukitupa mfuoni. Ncha hubaki na utando mwembamba mno. Mvutano wa uso wa kipoza ni mdogo, kama ilivyokwisha kuelezwa, lakini pezi nalo ni dogo, na kadiri mkunjo unavyokuwa mkali ndivyo hata mvutano mdogo unavyotosha. Juu ya hayo, mzunguko wa mapezi hukipandisha kimiminika kwenye kuta na kuchelewesha kile kijito cha chini kutuama.

Faida hiyo haipatikani bila gharama. Mapezi huongeza msuguano, na shinikizo likishuka njiani, joto ambalo mvuke hugeukia kimiminika hushuka nalo. Kasi ya mvuke ikiwa kubwa sana, faida ya mapezi hupungua mpaka karibu na ile ya eneo lililoongezeka, kwa sababu hata katika bomba lisilo na mapezi utando ungalikwisha kukwanguliwa. Na kimiminika kikizidi karibu na mwisho wa bomba, mifuo hufurika na mapezi huzama.

Sasa lugha. Jina linalomjia mtu kwa haraka kwa bomba lisilo na mapezi ni bomba laini. Jina hili lina hatari. Katika Kiswahili, laini ni kinyume cha vitu viwili: kinyume cha kigumu na kinyume cha chenye kukwaruza. Mkate ni laini kwa maana ya kwanza, na kioo ni laini kwa maana ya pili. Katika maneno mengi utata huu hauleti madhara, kwani mkate haukwaruzi na kioo hakibonyei. Lakini bomba la shaba la mafundi wa friji huuzwa likiwa limeviringwa, nalo limepashwa moto kiwandani ili lilegee na kukunjika kwa mkono. Ni laini kwa maana ya kwanza, liwe na mapezi ndani au lisiwe nayo. Fundi akiagiza "bomba laini" kutoka Unguja au Dar es Salaam, muuzaji ana haki ya kumpelekea lenye mapezi na kusema ametimiza agizo. Na bomba hilo likiwa limezibwa miisho, kwa nje hakuna kinachoonekana.

Jina bomba lisilo na mapezi ni refu, lakini halina utata. Lahaja za Kiswahili zina njia ya kulifupisha: kirejeshi kikanushi -so kinatupa bomba lisopezi, umbo ambalo sikio la Pemba halitalishangaa. Neno mapezi nalo linastahili kubaki. Wapo watakaopendelea mbavu, na kwa sura mbavu zafaa, lakini mbavu hushikilia mwili, ilhali pezi la samaki huchomoza ndani ya kitu kinachotiririka na kukiongoza. Katika kisiwa cha wavuvi jina hilo halihitaji kuelezwa. Kinachohitaji kuelezwa ni upande. Viyoyozi vina mapezi ya nje pia, yale mabati membamba ya alumini yanayoliwa na chumvi ya bahari, na kazi yake ni tofauti: huongeza eneo linaloguswa na hewa. Mwalimu aseme daima mapezi ya ndani au mapezi ya nje. Aongeze pia kwamba katika friji ya nyumbani, ile yenye wavu mweusi mgongoni, kizuizi kikubwa huwa ni hewa ya nje iliyotulia, si utando wa ndani. Kuweka mapezi ya ndani katika friji hiyo ni kupanua mlango wa chumba ambacho lango la ua limefungwa.

5.0 Kipoza na kile kiitwacho gesi

Mafundi huita kipoza gesi. Friji "imeisha gesi", fundi "hujaza gesi". Ni lugha ya kazi na haina ubaya dukani. Darasani huleta matata, kwa sababu kitu hicho hicho kikiwa ndani ya mtungi ni kimiminika kwa sehemu kubwa, kikitoka katika kompresa ni mvuke, na katikati ya kondensa ni vyote viwili kwa pamoja. Neno gesi linamwaminisha mwanafunzi kuwa kinachozunguka hakibadiliki, na hapo swali la joto fiche haliwezi hata kuulizwa.

Neno kipoza, lililotumika katika makala haya, limenyambuliwa kutoka poa na poza, na halitaji hali yoyote ya kitu. Lina jirani mmoja wa kuangaliwa, kupooza, kunakotofautiana nalo kwa urefu wa irabu tu. Chapa ikiongeza o moja, kipoza kitasomeka kama kitu kinachopooza watu.

Suala la majina limekuwa zito zaidi kwa sababu vipoza vyenyewe vimebadilika. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993, iliondoa R-12 kwa kuwa iliharibu tabaka la ozoni. R-134a ilishika nafasi yake, nayo ikawekwa katika orodha ya vitu vya kupunguzwa na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 kwa sababu huchangia kuongezeka kwa joto la dunia. Friji nyingi mpya hutumia R-600a. Hii hutoa zaidi ya kilojuli 300 kwa kilo inaporudi kuwa kimiminika, karibu mara mbili ya R-134a, na hushika moto. Katika viwanda vya barafu hutumika mara nyingi amonia, ambayo ikichanganyika na unyevu huila shaba, na kwa hiyo mabomba yake huwa ya chuma. Fundi anayeviita vyote gesi, bila ya jina la pili, anaweza kushika tochi ya kuunganishia shaba mbele ya kile kinachoshika moto.

6.0 Mfano wa somo

Somo la kwanza halihitaji maabara. Mwalimu achukue kipande cha bati la shaba, akipake mafuta ya nazi kidogo sana na kukifuta, kisha adondoshe tone la maji, na pembeni, juu ya kipande kingine kilichosafishwa vizuri, adondoshe tone la mafuta ya taa. Wanafunzi waandike kwa Kiswahili chao wanachokiona kabla ya kupewa istilahi yoyote. Wengine wataandika kuwa maji yamesimama na mafuta yametambaa. Wengine watasema yametandaa, yameenea, yamelala. Maneno hayo yasisahihishwe. Ndiyo mali ghafi ya istilahi.

Kisha vipande viwili vya bomba, kimoja lisopezi na kingine chenye mapezi ya ndani, vipasuliwe kwa msumeno kwa urefu, na kila mwanafunzi apitishe ukucha ndani yake akiwa amefumba macho. Aulizwe kipi ni laini. Akijibu kuwa vyote viwili vinakunjika, hajakosea.